Yadi Sita za Mahameli

Nimeshona mapazia miaka arobaini na miwili, na nimejifunza kitu kimoja ambacho shuleni hawakunifundisha, ingawa shule yenyewe sikukaa sana. Mtu hanunui pazia kwa ajili ya dirisha. Ananunua kwa ajili ya jirani. Dirisha lingeulizwa lenyewe lingesema lioshwe tu, inatosha.

Mtaa wetu wa Inkerman ulikuwa na pande mbili. Upande wetu madirisha yalilala sawa na ukuta, nasi tukaitwa watu wa Bapa. Upande wa pili mjenzi yule yule, kwa matofali yale yale yaliyopigwa na moshi ule ule wa kiwanda cha pamba, aliongeza kitu kimoja tu: dirisha la chumba cha mbele alilisukuma nje likatokeza, likawa na nyuso tatu, mmoja unatazama barabara na mbili zinatazama pembeni, kama tumbo la mtu aliyetoka harusini. Hao wakawa watu wa Matumbo. Sisi tulisalimia kwa mdomo, wao walisalimia kwa kidevu. Pale kona alikaa daktari wa meno, na dirisha lake halikuwa na pembe hata moja, limepinda taratibu kama upinde. Yeye hatukumhesabu. Alikuwa juu ya wote, na isitoshe meno yake yalikuwa ya kwake mwenyewe.

Sasa huyu Muriel Duxbury alikuwa wa Bapa, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mumewe Clifford alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa chumba cha kusokotea nyuzi, Muriel hakungoja mwezi uishe. Akahama. Alivuka barabara, hatua kumi na nne, akaingia nyumba yenye tumbo iliyokabiliana na dirisha langu. Alibeba vyombo, akabeba mume, na mama mkwe wake Bi Keziah akabebwa juu ya kiti chake, akilalamika njia nzima kwamba hewa ya ng'ambo itamuua.

Muriel alitaka kitu kimoja, wala hakukificha: Bi Threlfall aje kwake kunywa chai, na aingie kwa mlango wa mbele.

Bi Constance Threlfall alikuwa mwenyekiti wa Matumbo bila kupigiwa kura na mtu. Mumewe, Bwana Septimus, karani wa benki aliyestaafu, alikuwa mtu mpole wa kutembea hatua mbili nyuma ya mkewe, kama anayesubiri kutumwa. Bi Threlfall akiingia kwako kwa mlango wa mbele, umekuwa mtu. Asipoingia, utakaa ng'ambo ile mpaka uzeeke na bado wewe ni Bapa uliyepotea njia.

"Na haingii," Muriel akaniambia, "mpaka niwe na mapazia."

Basi nikaenda na utepe wangu wa kupimia. Dirisha lenye tumbo halipimwi kwa macho. Ukilitazama ukiwa mlangoni unaliona dogo, lakini ukizifuata nyuso zake tatu na kona zake linarefuka kama hadithi ya mlevi. Halafu kuna marinda. Kitambaa sharti kiwe mara mbili ya upana, la sivyo pazia linaning'inia kama shuka ya hospitali. Nikapima, nikapiga hesabu kwa vidole, nikasema, "Yadi kumi na mbili. Bitana mbali."

Muriel akakaa kitako.

"Piga fimbo moja iliyonyooka hapa ndani, ukuta kwa ukuta," Bi Keziah akasema kutoka kitini. "Pazia moja, shuu, umefunga. Tumbo libaki huko nje lijijue."

"Mama, nikilikatia tumbo nje, nimehamia huku kwa sababu gani?"

"Ndilo swali nililokuuliza siku tunahama."

Nikamtajia Muriel mapazia ya kuviringisha, moja kwa kila uso. Ila nikamwambia ukweli, kwamba kwenye kona yanaacha mwanya wa kupita kidole.

"Na jicho je?"

"Jicho la jirani yako Bi Haslam linapita hata pasipo mwanya."

Nikamtajia yale ya vibao, yanayofunguka kwa kuvuta kamba. Akasema atajihisi amekaa ofisi ya kodi. Nikamtajia pamba ya maua, rahisi, inafuliwa, inafungwa.

"Hiyo ni ya Bapa," akasema. "Usiudhike, Ada."

"Sijaudhika, mpenzi," nikasema, nikachomeka pini moja kwenye kiti chake.

"Nataka kama ya Bi Threlfall. Ya mahameli. Ile rangi ya damu ya mzee."

Nilijua atasema hivyo, kwa sababu wote walisema hivyo. Tangu majira ya kuchipua ya mwaka uliopita, Matumbo yote yalivaa mahameli ya damu ya mzee, kutoka duka moja pale sokoni, na yote yalipita chini ya sindano yangu. Upande mzuri wenye manyoya ulitazama barabarani, upate kuonwa na wapitao. Wenye nyumba wenyewe walitazama bitana, rangi ya uji.

Lakini kulikuwa na siri, na sasa naweza kuisema kwa sababu wenyewe wameshatangulia. Mahameli ile ilikuwa ghali. Yadi kumi na mbili aliziweza daktari wa meno peke yake. Kwa hiyo Bi Threlfall, ambaye ndiye aliyeianzisha, alikuja kwangu, akafunga mlango, akavua glavu moja, akaniuliza kwa sauti ya kanisani:

"Bi Pilling, mtu akiwa na yadi sita, haziwezi kuonekana kumi na mbili?"

"Zinaweza, ila hazitafunga."

"Nani amesema nataka kufunga?"

Basi nikakata mapande manne. Mawili yakasimama kwenye kuta, mawili kwenye kona, marinda mazito, kamba za nyuzi za dhahabu kiunoni. Ukiyaona kutoka barabarani utaapa kwamba jioni yanakutana yote. Kumbe nimeyashonea juu kwenye pete zisizotembea. Yamesimama kama askari wa ikulu: mazuri, na hayana kazi. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Mwezi uliofuata akaja Bi Nora Haslam. "Kama ya Bi Threlfall hasa hasa," akasema, kisha akainama sikioni mwangu. "Ila, Bi Pilling, baina yetu..." Nikaapa tena. Wakafuatana hivyo mmoja mmoja, kila mmoja akaniapisha peke yake, kila mmoja akiamini yeye ndiye mwongo pekee katika safu ya wanawake wakweli. Muriel akawa wa tisa.

"Na jioni ukitaka kufunga?" nilimuuliza, maana nilikuwa nawauliza wote.

"Jioni tuko jikoni, Ada. Nani anakaa chumba cha mbele?"

Kweli tupu. Chumba cha mbele kwetu ni cha Krismasi, cha kasisi na cha maiti. Mtoto akikutwa humo anachapwa.

Nikayatundika. Siku ya pili Bi Threlfall alipita, akasimama, akatazama, akainua kidevu kiasi cha upana wa ukucha. Muriel alinikimbilia kunieleza kile kidevu kana kwamba nami sikuwa dirishani.

"Bado kidogo, Ada! Wiki mbili tatu, atabisha hodi."

Wiki tatu baadaye Bwana Septimus Threlfall akafa. Alikufa Jumatatu asubuhi, amekaa, gazeti mkononi, bila kumsumbua mtu.

Kwetu mtu akifa, nyumba yake inafunga mapazia ya mbele mpaka azikwe, naye analazwa humo chumba cha mbele watu waje kumuaga. Na siku ya maziko, gari la maiti likipita, mtaa mzima unafunga, pande zote mbili, tajiri na maskini. Shashi, kile kitambaa chepesi cha ndani kinachopitisha mwanga, haitoshi. Shashi ni ya kuchungulia, si ya heshima. Upande wetu kulikuwa na mwanamke aliyejisahau mara moja tu, akaacha pazia wazi jeneza linapita. Hakuna aliyemwazima tena sukari, mpaka akahamia kwa dada yake mji mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nadhani hata wao hawakuwa wamefikiria mapazia. Tangu mahameli iingie mtaani hakuwa amekufa mtu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nawatazama wazee wa upande ule kwa hamu kidogo.

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Muriel aliingia kwangu kwa mlango wa nyuma bila kubisha.

"Ada, Ijumaa saa nne wanamzika. Niongezee yadi sita."

"Zitoke wapi? Dukani imekwisha. Robota lote mmelimaliza ninyi."

"Nitafanyaje? Nikiacha wazi mbele ya maiti ya mume wake, mume wake, Ada! Basi. Sitamwona mlangoni kwangu mpaka Kiyama."

"Kitambaa kile cheusi cha wakati wa vita, tulichofungia madirisha ndege zisituone?"

"Nilimshonea Clifford suruali mbili."

Tulikuwa tunalifikiria hilo mlango wa mbele ukagongwa. Muriel hakutaka kuonekana na mtu, akajitupa stoo, katikati ya unga na viazi, akavuta mlango.

Alikuwa Bi Haslam. Alikuwa amevaa kofia ya kutokea, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

"Bi Pilling, mpenzi wangu, nina kidogo... Ni mapazia. Unajua yalivyo yangu."

"Najua yalivyo."

"Wenzangu wote Ijumaa watafunga, mimi nitabaki mdomo wazi kama samaki! Bi Threlfall nitamtazama vipi? Hata yule mgeni, yule Duxbury wa Bapa, ana mapazia yanayofunga. Nimeyaona mwenyewe, mazito!"

Stooni kitu kilianguka.

"Panya," nikasema. "Bi Haslam, kitambaa hakuna. Labda mkate kamba, myavute mpaka yakutane kwenye uso wa mbele, myashikilie kwa mikono gari lipite. Ni dakika mbili tatu."

Nilisema kwa mzaha. Akanishika mkono akaubana. "Bi Pilling, wewe una akili ya mtu aliyesoma," akasema, akaondoka mbio.

Muriel akatoka stooni, unga mpaka kwenye nyusi.

"Nora Haslam! Yake hayafungi!"

"Mimi sijasema kitu. Nimeapa."

"Ananiita mgeni! Na mwenyewe ana matambara manne yaliyogongomewa!" Akaanza kucheka, akakaa juu ya gunia langu la viazi akacheka mpaka machozi. "Ada. Na wa namba kumi na moja? Na wa kumi na tatu?"

"Nimeapa."

"Wote?"

Nikafuta meza. Haikuwa chafu.

Mlango ukagongwa tena. Muriel akarudi stooni, safari hii kwa furaha, kama mtu aliyekata tiketi.

Aliyeingia alikuwa Bi Threlfall. Sijawahi kumwona mtu mrefu akawa mfupi namna ile. Kofia ilikuwa imeegemea sikio moja, na glavu alizovaa zilikuwa za rangi mbili, kila mkono na yake.

"Pole, mama," nikasema. "Pole sana. Keti."

"Kesho asubuhi wanamleta, Bi Pilling. Yule mwenye majeneza amesema, 'Mama, utafunga mapazia kabla hatujaingia.' Nikamwambia, 'Bila shaka.'" Akakaa. "Bila shaka! Tangu jana nasimama pale nayavuta, yananitazama tu."

Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Septimus alikuwa mtu wa haya. Miaka thelathini na minane ya ndoa, sijapata kumwona akivua soksi mchana. Sasa nimlaze pale katikati ya vioo vitatu, wauza maziwa wamtazame pua? Alinisihi, unajua. Alisema, 'Constance, nunua pamba, ifunge.' Nikamwambia pamba ni ya Bapa."

"Shuka, je? Kwa siku tatu tu."

"Watajua ni shuka. Watauliza mapazia yana nini." Akafunika uso kwa zile glavu za rangi mbili. "Mimi ndiye niliyewaanzishia wote. Wote yao yanafunga, yangu mimi ndiyo hayafungi."

Nilitaka kucheka, ndiyo, sitakudanganya. Lakini mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na kicheko kikarudi kilikotoka.

Mlango wa stoo ukafunguka.

Bi Threlfall alisimama. Wakatazamana, mmoja mweusi kwa msiba, mwingine mweupe kwa unga.

"Bi Duxbury."

"Bi Threlfall. Pole kwa msiba."

"Umesikia."

"Nimesikia."

Nikavuta kiti changu nyuma kidogo nione vizuri. Muriel alikuwa na Matumbo yote kiganjani. Neno moja tu juu ya ukuta wa uani, na kufikia jioni nyumba tisa zisingeweza kutazamana. Au angeweza kusema: chai, Jumapili, mlango wa mbele, la sivyo. Mimi ningesema. Nilikuwa nimeshamtungia na maneno.

Muriel akanigeukia mimi. "Ada, mahameli yangu na yake ni robota moja?"

"Moja."

"Ukiziunga, yadi sita na sita, tumbo lake linafunga?"

"Linafunga kona kwa kona. Hata nzi hapiti."

"Basi njoo uteremshe yangu." Kisha kwa Bi Threlfall, "Tutakuletea kwa nyuma, kupitia uchochoroni. Mtu haoni."

"Na wewe Ijumaa utafunga nini?"

"Mimi sina maiti."

Bi Threlfall akatikisa kichwa. "Watakusema, Bi Duxbury. Watakusema vibaya. Nami sitaweza..." Hakumaliza, lakini sote watatu tulimsikia. Akimtetea Muriel, itabidi aseme mapazia yamekwenda wapi. Na akisema yamekwenda wapi, atakuwa amesema kwamba yake hayakufunga tangu siku ya kwanza. "Sitaweza kusema lolote. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

Tukayateremsha. Bi Keziah alitutazama tukiyakunja mezani.

"Mnapeleka wapi?"

"Kwa Bi Threlfall, mama."

"Yule mwenye kidevu? Na wewe utabaki hivi, kama duka lililofilisika?"

"Ndiyo, mama."

Bi Keziah akafikiri. "Ningekuwa na magoti ningekuja kukubusu," akasema. "Sina. Wekeni maji motoni."

Nikashona mchana ule wote, na kabla taa za barabarani hazijawashwa, tumbo la Bi Threlfall likafungwa. Nyuso tatu, kona mbili, hakuna mwanya hata wa sindano. Ndilo pazia bora nililotundika maishani, na lilipofungwa nilikuwa ndani, kwa hiyo sikuona ila bitana.

Ijumaa ikafika. Saa nne kasoro dakika tano, upande wetu wa Bapa ulifunga: shuu, shuu, shuu, pamba za maua mlango kwa mlango, mkono mmoja tu unatosha. Upande wa pili mapazia nayo yakakutana. Ukisimama mbele yake, utasema mashaallah, heshima hiyo. Ila mimi nilikuwa natembea nyuma ya gari la maiti pamoja na waombolezaji, na mtu anayetembea barabarani hafikii tumbo kwa mbele. Analifikia kwa ubavu.

Ubavu ulikuwa wazi.

Kwa Bi Haslam, mwenyewe alisimama juu ya kiti, kofia ya msiba kichwani, mikono juu, ameshika pindo la kulia. Mumewe alikuwa juu ya kibao cha piano ameshika la kushoto. Katikati alikuwepo mpangaji wao, mtu mfupi anayefundisha watoto kinanda, ambaye mikono haikufika juu, kwa hiyo aliyauma mapindo mawili yakutane menoni. Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, mtu na binti yake, na binti anapiga chafya. Nyumba saba zimejaa watu walioning'inia kama vibanio vya nguo. Maana kabla ya Ijumaa kila mmoja alinijia kwa siri, na ushauri ule nilimpa kila mmoja. Waombolezaji hawakuona, maana nyuma ya jeneza ni utovu wa adabu kugeuza shingo. Mimi shingo yangu haijawahi kuwa na adabu.

Kisha tukafika kwa Muriel. Alikuwa ameondoa hata shashi. Aliniambia shashi bila pazia ni kama shimizi bila gauni, heri uchi. Vioo vyote vitatu vilikuwa vitupu, vimeng'arishwa, na humo ndani, mbele ya dunia yote, wamesimama Clifford na suti yake ya harusi, Muriel katikati amevaa nyeusi, na Bi Keziah kitini mbele yao. Vichwa vimeinama. Karatasi ya ukutani ilionekana, saa ilionekana, hata ufa wa dari ulionekana.

Gari la kwanza nyuma ya maiti lilikuwa la mjane. Nikaona kitambaa cheusi kikiinuliwa usoni, na Bi Threlfall akatazama lile dirisha tangu kona hii mpaka kona ile. Akainamisha kichwa. Si kidevu, kichwa kizima.

Baada ya makaburini tulirudi kwake kula. Septimus alizikwa kwa heshima, yaani kwa paja zima la nguruwe na haradali. Bi Haslam alikuwa anajikanda mabega.

"Uchi!" akasema, mdomo umejaa. "Mbele ya jeneza! Hata shashi! Mimi nilisema, Bapa ni Bapa hata umhamishie mbinguni. Au siyo, Bi Threlfall?"

Bi Threlfall alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina. Kikombe kikajaa, kikafurika kwenye kisahani, akakisukuma kwa Bi Haslam bila neno. Nami nikaongeza nyama, maana mtu aliyeapa mara tisa hana budi kushughulisha mdomo.

Yaliyofuata hayakuchekesha. Asubuhi wanawake wa Matumbo walipopiga magoti kusugua vizingiti vyao, walimgeuzia Muriel migongo, safu nzima. Akipita walinyamaza, akishapita walianza. Kiwandani watu walimuuliza Clifford kama ameshindwa kumvika mke wake au dirisha lake. Hata upande wetu kuna waliosema amestahili, kwa nini alihama. Muriel alikuwa akienda dukani macho mbele, anarudi macho mbele, na jioni taa ya jikoni inawaka nyuma huku mbele tumbo limekaa tupu, jeusi, kama jino lililong'olewa.

"Nikushonee pamba ya maua," nikamwambia. "Bure. Kesho iko juu."

"Acha kwanza, Ada."

"Unangoja nini? Mwenyewe alikwambia hatasema lolote."

"Na hajasema," Muriel akajibu. "Amefanya alivyoniambia. Nami nilijua." Akajaribu kutabasamu akashindwa. "Ila nilidhani nitazoea upesi zaidi."

Siku ya saba tangu maziko ilikuwa Alhamisi. Saa tisa alasiri, saa ambayo mtaa mzima uko nje, mlango wa Bi Threlfall ukafunguka. Akatoka na nyeusi zake zote, kofia imenyooka, glavu za rangi moja. Akashuka katikati ya njia. Akampita wa kumi na tatu, akampita wa kumi na moja, akampita Bi Haslam aliyebaki na kitambaa cha kusugulia hewani. Akapanda kizingiti cha Muriel, akabisha mlango wa mbele.

Mlango ule haukuwa umefunguliwa tangu upakwe rangi. Ulikuwa umegandamana. Tulisikia Muriel anavuta, tukasikia Bi Keziah anapiga kelele, "Egemeza mguu ukutani, mwanangu, mguu!" Bi Threlfall alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona mtaa wote unamtazama. Kisha akageuza bega lake la mke wa karani wa benki akausukuma ule mlango kama mchukuzi wa makaa. Ukaachia kwa mlio wa bunduki, naye akaingia nusu anatembea nusu anaanguka.

Hakukaa nyuma, hakukaa pembeni. Alivuta kiti mpaka katikati ya tumbo, uso wa mbele, bila pazia, bila shashi, akaketi. Akanywa vikombe viwili. Akala keki ya tangawizi. Muriel alikaa mbele yake, mgongo umenyooka kama yuko kwa mpiga picha. Saa nzima wakakaa vile, mchana kweupe, kama samaki wawili ndani ya kioo. Hakuna kizingiti kilichosuguliwa tena siku ile.

Nilingoja mpaka ametoka, nikavuka.

"Alisema nini?"

"Alisema chai nzuri. Akasema Septimus alilala vizuri, siku zote tatu, hakuna aliyemsumbua." Muriel alikuwa bado ameshika kisahani. "Kisha akaomba kikombe cha pili."

"Na mapazia yako?"

"Hakuyataja."

"Hatayarudisha huyo! Yadi sita za mahameli!"

"Ada," akasema, na macho yake yakaenda kwenye ule mlango uliokuwa bado wazi, rangi imebanduka pembeni yote. "Ameingia pale."

Hayakurudi kweli. Nilimshonea pamba ya maua mwaka uliofuata, na alipoitundika hakuna aliyethubutu kusema ni ya Bapa, maana kila Alhamisi Bi Threlfall alikuwa amekaa katikati yake.

Lakini hiyo ni baadaye. Jumamosi ile ile, siku mbili tu baada ya chai ile, Bi Haslam alinijia na mfuko mkubwa. Ndani yake mlikuwa na mapande yake manne ya damu ya mzee, yamekunjwa.

"Nimeyateremsha," akasema. "Vumbi tupu haya, Bi Pilling, na yanakula mwanga. Siku hizi watu wanaojua wanaacha dirisha wazi. Umemwona Bi Threlfall alivyokaa?"

"Nimemwona."

"Basi niambie wewe uliye fundi, nisije nikakosea mbele za watu. Na shashi pia inaondolewa?"

Nikaitazama ile shashi yake kupitia dirisha langu. Miaka thelathini, kila nilipotoka kununua mkate, ilisogea upana wa kidole gumba, na sijawahi hata siku moja kujua kuna nini nyuma yake.

"Shashi, mpenzi," nikamwambia, "ndiyo ya kwanza."